Mchungaji Alexander Merensky, Nyumba Yake na Watoto wa Imani

Katika historia ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kusini mwa Tanzania, tarehe 2 Oktoba 1891 ina nafasi yake ya pekee. Siku hiyo msafara mdogo wa Misioni ya Berlin, baada ya safari ndefu ya kupitia mto Zambezi, mto Shire na Ziwa Nyasa, ulianzisha kituo chake cha kwanza katika nchi ya Konde, yaani kwa Wanyakyusa, mahali palipoitwa Pipagwike. Kituo kilipewa jina la Wangemannshöhe, maana yake Kilima cha Wangemann, kwa heshima ya Theodor Wangemann aliyekuwa mkurugenzi wa misioni hiyo huko Berlin. Aliyeuongoza msafara alikuwa Mchungaji Alexander Merensky, mtu wa umri wa miaka 54, ambaye tayari alikuwa amemaliza kazi moja kubwa ya maisha yake katika sehemu nyingine ya Afrika.

Jina lake halisikiki sana katika bonde la Kilombero. Wazee husema tu kwamba Neno lililetwa na Wajerumani wa Berlin, nao hawakosei. Kutoka Konde kazi ilipanda milima ya Ukinga, ikaenea Ubena na kufika Uhehe. Na Wakristo wengi wa Kilutheri walioko leo kati ya Kidatu na Mlimba ni watu ambao wao wenyewe, au wazazi wao, waliteremka kutoka nyanda hizo za juu wakiwa na imani yao, vitabu vyao vya nyimbo na desturi za sharika walikozaliwa. Kwa hiyo katika mwaka wa jubilei, Usharika unapowataja wazee wake, inafaa kumtaja pia mtu aliyesimama kwenye chemchemi ya mto huu. Inafaa pia kumtaja kwa ukweli. Maisha yake yana mambo ya kumshukuru Mungu, na yana mambo ambayo Mwafrika wa Kilombero hawezi kuyasoma bila kukunja uso.

Alexander Merensky alizaliwa tarehe 8 Juni 1837 katika kijiji cha Panten karibu na mji wa Liegnitz, katika jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa la Prussia na sasa ni sehemu ya Poland. Akiwa kijana alipokelewa katika seminari ya Misioni ya Berlin. Misioni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1824 na watu wa uamsho, waumini waliotaka Kanisa lenye moto kuliko lile walilolikuta katika parokia za serikali. Haikuwa idara ya serikali wala ya Kanisa rasmi. Ilitegemea sadaka za watu wa kawaida, mafundi, wakulima na wajane, na wanafunzi wake wengi walitoka katika nyumba za namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 Merensky alitumwa Afrika Kusini pamoja na mwenzake Heinrich Grützner. Walitamani kwanza kwenda kwa Waswazi, lakini mfalme Mswati hakuwapokea. Wakageukia kaskazini, na mwezi Agosti 1860 wakaanzisha kituo cha Gerlachshoop kwa Wakopa waliokuwa chini ya mtemi Boleu, katika Transvaal. Mwaka uliofuata Merensky aliingia katika nchi ya Wapedi, akapokelewa na mfalme mzee Sekwati, akapewa ruhusa ya kujenga. Mwezi uleule wa Septemba 1861 Sekwati akafariki, na utawala ukashikwa na mwanawe Sekhukhune.

Jambo moja lisisahauliwe hapa, maana mara nyingi husahauliwa katika vitabu vya misioni. Wapedi walikuwa na desturi ya kutuma vijana wao kwa miguu, mwendo wa majuma mengi, hadi makoloni ya kusini kutafuta kazi na kununua bunduki. Baadhi ya vijana hao walilisikia Neno huko, wakajifunza kusoma, wakarudi nyumbani na kuanza kuwaambia wengine. Merensky alipofika aliwakuta watu waliokuwa wakimngojea. Hakupanda mbegu ya kwanza, alikuta miche. Wazee wa Kilombero wanaijua habari kama hii, kwa kuwa katika bonde hili pia wajumbe wa kwanza mara nyingi walikuwa vibarua, wachukuzi na wasafiri ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1863 Merensky alimwoa Marie Liers. Bibi huyu anatajwa kwa ufupi mno katika kumbukumbu za misioni, kama walivyotajwa wake wengi wa wachungaji, ingawa ni yeye aliyekaa na watoto na wagonjwa wakati mumewe alipokuwa safarini, na ni yeye aliyevumilia pamoja naye mambo yaliyofuata.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Kazi katika nchi ya Wapedi ilikua haraka, na Sekhukhune akaanza kuingiwa na mashaka. Waliobatizwa walikataa ndoa za wake wengi, walikataa jando na matambiko, na baadhi walionekana kumtii mchungaji kuliko mfalme. Hata mmoja wa wake za mfalme akawa mwanafunzi wa dini. Mtawala yeyote angeona hatari. Mwezi Mei 1864 Waswazi waliwashambulia Wakopa wa Boleu, mtemi akauawa pamoja na wengi wa watu wake, na Gerlachshoop ikawa mahame. Miezi michache baadaye Sekhukhune aliwageukia Wakristo wake mwenyewe: wakapigwa, wakanyang'anywa mali na kuamriwa kuikana imani. Mwezi Novemba 1864 Merensky na familia yake, pamoja na kundi la waumini, walikimbia usiku kutoka kituo cha Ga-Ratau.

Botshabelo

Mwanzoni mwa mwaka 1865 Merensky alinunua shamba karibu na mji wa Middelburg, na tarehe 8 Februari kundi lake likaanza kukaa hapo. Mahali pakaitwa Botshabelo, neno la Kisotho lenye maana ya mahali pa kukimbilia. Juu ya kilima walijenga ngome ya mawe kwa kumwogopa Sekhukhune. Waliojenga ni waumini wa Kiafrika kwa ufundi wao wa kupanga mawe bila chokaa, uliochanganywa na maarifa ya Kizungu. Ngome ile, iliyoitwa kwanza Fort Wilhelm na baadaye Fort Merensky, ilisimama kwa vizazi vingi baada ya watu wote waliokimbilia humo kufa.

Chini ya kilima kijiji kiliongezeka hata kuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya Misioni ya Berlin katika Transvaal. Palikuwa na kanisa, shule, kinu cha kusaga nafaka, karakana ya kutengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe, kiwanda cha mhunzi na duka. Mwaka 1878 ikafunguliwa seminari ya walimu. Merensky alikuwa mchungaji, tabibu, mwalimu, hakimu na mchora ramani. Ramani yake ya Transvaal ya mwaka 1875 ilitumiwa na wengi. Ni yeye pia aliyempa mpelelezi Karl Mauch habari za magofu yaliyokuwa kaskazini ya mto Limpopo, na mwaka 1871 Mauch akafika Zimbabwe Kuu.

Ila alikuwa pia mwenye shamba. Hapa ndipo shida ilipoanza, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko mambo ya ramani. Ardhi ya Botshabelo ilikuwa mali ya misioni. Waumini waliokimbia kwao kwa ajili ya imani walijikuta wapangaji. Walitakiwa kulipa ada na kufanya kazi za kituo, walitakiwa kuilipa kodi Jamhuri ya Makaburu, na katika mambo ya nyumba zao, mashauri yao na ndoa zao walikuwa chini ya amri ya mchungaji. Hawakuweza kununua hata kipande cha ardhi waliyoilima.

Miongoni mwao alikuwamo Johannes Dinkwanyane, mwana wa Sekwati na ndugu wa baba mmoja na Sekhukhune. Alikuwa amebatizwa, alikuwa ameacha heshima ya nyumba ya kifalme na kufuata kundi la wakimbizi. Mwaka 1873 Dinkwanyane aliondoka Botshabelo pamoja na mamia ya watu, akaenda kuanzisha kijiji chake, Mafolofolo, si mbali na Lydenburg. Hakuiacha imani. Mafolofolo kilikuwa kijiji cha Kikristo, watu wakisali na kusoma kama kawaida, bila Mzungu kuwatawala. Katika nchi ya Uingereza watu wa jinsi hiyo, wanaolishika Neno lakini wanakataa kuwekwa chini ya Kanisa la watawala, walikwisha kupata jina lao na historia yao. Transvaal hapakuwa na jina kwa ajili yao ila la waasi. Walowezi walipodai kwamba ardhi ile ni yao, Dinkwanyane aliwaandikia barua ya kukana dai hilo na kutangaza kwamba nchi ni ya wenyewe. Vita vya Makaburu na Wapedi vilipotokea mwaka 1876, majeshi ya Waswazi waliokuwa upande wa Makaburu yalikishambulia kijiji chake mwezi Julai, naye akafa kwa majeraha.

Merensky aliuona msiba huo kama tunda chungu la ukaidi. Alimpenda Dinkwanyane na kumhesabu kati ya matunda ya kazi yake, lakini hakupata kukubali kwamba mwana wa imani anaweza kukomaa na kutaka nyumba yake mwenyewe. Kati ya makosa ya maisha yake hili laonekana kuwa kubwa kuliko yote, maana lilimgusa mtu aliyekuwa karibu naye sana.

Sekhukhune mwenyewe hakudumu. Mwaka 1879 Waingereza waliivunja ngome yake na kumchukua mateka. Aliachiliwa baadaye, na mwaka 1882 akauawa na ndugu yake Mampuru. Mwaka huohuo Merensky aliiacha Transvaal. Katika vita vya mwaka 1880 na 1881 kati ya Makaburu na Waingereza alikuwa amewatibu majeruhi kwenye kambi ya Makaburu. Akarudi Ujerumani na jamaa yake yote, baada ya miaka zaidi ya 20.

Karatasi ya mwaka 1886

Huko Berlin alishughulika na kazi ya misioni ya mjini, kisha akawa inspekta wa Misioni ya Berlin. Alikuwa mwandishi asiyechoka. Mwaka 1888 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake ya misioni katika Transvaal, ambacho hadi leo wanahistoria wa Wapedi hawawezi kukikwepa.

Lakini kabla ya kitabu hicho alikuwa ametoa karatasi nyingine. Ujerumani ilikuwa imeingia katika kutafuta makoloni, na Shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki lilitangaza zawadi kwa atakayeandika vizuri kuliko wengine juu ya njia ya kumfundisha Mwafrika kufanya kazi katika mashamba makubwa. Merensky aliandika, akashinda, na andiko lake likachapishwa mwaka 1886. Aliukataa utumwa. Hata hivyo hakuliuliza swali la kwanza, yaani kama mtu mwenye shamba lake anahitaji kufundishwa kulima shamba la mwingine. Kwake kazi kwa ajili ya mzungu ilikuwa sehemu ya malezi, na serikali, walowezi na misioni wangeweza kushikana mikono katika malezi hayo. Alikuwa amekaa miaka mingi na watu waliokuwa wakulima, wafugaji, waashi na wasafiri hodari, na bado aliweza kuandika kana kwamba kazi ni jambo geni kwao.

Wasomaji wa Kiberege wanayo sababu ya kulitazama andiko hilo kwa makini, kwa sababu matunda ya fikra za aina hiyo yalifika hapa. Kodi ya nyumba iliwekwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta kwa kazi. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliwaka. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, wakaanguka kwa mamia mbele ya bunduki za rashasha. Bonde lenyewe liligawanyika: Kiwanga, mtawala wa Wabena wa mitoni, alikuwa upande wa Wajerumani na akauawa vitani. Huko juu Ubena, kituo cha Jakobi cha Misioni ya Berlin kilishambuliwa mwezi Septemba. Watu walioshambulia hawakutofautisha sana kati ya nyumba ya mchungaji na nyumba ya serikali, na ukizisoma kurasa za mwaka 1886 ni vigumu kuwalaumu kwa hilo. Baada ya vita ikaja njaa, nayo iliua kuliko risasi. Kodi haikukoma, enzi ya Waingereza ilipofika, Kiberege penyewe pakawa kituo cha serikali, na watu wakaendelea kuipeleka hapo.

Safari ya Nyasa

Ndivyo alivyokuwa mtu aliyechaguliwa kuongoza msafara wa mwaka 1891. Alijua lugha za Afrika Kusini, alijua kujenga, kutibu na kuzungumza na watemi, na hapakuwa na mwingine katika Misioni ya Berlin mwenye uzoefu kama wake. Pamoja naye walikuwa Carl Nauhaus na Christian Schumann na wenzao wengine. Ziwani walikuta kwamba Waskoti wa misioni ya Livingstonia, watu wa Kanisa Huru la Scotland, walikwisha kutangulia tangu mwaka 1875. Wamoravian nao walikuwa wakiingia Konde mwaka uleule, na mmoja wa wamisionari wao, Georg Martin, alikuwa amefariki mwezi Septemba, kabla hata ya kujenga. Misioni hizo mbili zilipatana juu ya mpaka: Wamoravian upande wa magharibi na Rungwe yao, watu wa Berlin upande wa mashariki. Mapatano hayo yalifanywa na wageni katika nchi ya wenyewe, lakini yaliwaepusha Wanyakyusa na ugomvi wa madhehebu ulioziharibu kazi nyingi mahali pengine.

Nchi ya Konde ilikuwa imeelezwa na Joseph Thomson, Mskoti aliyeipitia mwaka 1879 akiwa ametoka pwani kwa njia ya Mahenge na bonde la Ulanga, mkuu wa msafara wake akiwa Chuma, yule aliyekuwa mtumishi wa Livingstone. Basi njia kati ya bonde hili na nchi ya Konde ilikuwa imeandikwa vitabuni miaka 12 kabla ya Merensky, na wenyeji walikuwa wameijua tangu zamani zaidi. Thomson alikuwa ameisifu Konde kwa migomba yake, nyumba zake safi na watu wake watulivu. Merensky alipofika naye alivutwa vivyo hivyo.

Alikaa muda mfupi tu. Mwaka 1892 alirudi Ujerumani, akawaachia vijana kazi, na mwaka 1894 akatoa kitabu kuhusu kazi ya Wajerumani huko Nyasa. Nauhaus na wenzake ndio waliobaki na homa, mvua na kujifunza lugha. Manow ilianzishwa mwaka 1892, Mwakaleli na Ikombe zikafuata mwaka 1893, Bulongwa katika Ukinga mwaka 1895, na Kidugala katika Ubena mwaka 1898. Hapo tayari Neno lilikuwa limefika kwenye mabega ya milima ambayo mito yake huteremka Kilombero.

Ni haki kusema kwamba katika Konde Merensky alikuwa mtu aliyejifunza kidogo. Botshabelo ilikuwa mahali ambapo Wakristo walitolewa katika jamii zao na kukusanywa kwenye ardhi ya misioni. Katika Konde na Ubena vilikuwapo pia vijiji vya misioni, lakini kadiri miaka ilivyopita sharika zilizaliwa vijijini kwa watu wenyewe, chini ya waalimu na wazee wa Kiafrika, na mashamba yakabaki ya wenyeji. Iwapo mabadiliko hayo yalitokana na kumbukumbu ya Dinkwanyane au yalitokana na idadi ndogo ya wamisionari, hayo kila msomaji aamue. Sababu ya pili ina nguvu.

Merensky alifariki mwezi Mei 1918. Wakati huo kazi aliyoianzisha ilionekana kuwa imekufa pamoja naye. Mahenge ilikuwa imetekwa mwezi Oktoba 1917, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekamatwa na kuondolewa, na wachukuzi waliochukuliwa kwa nguvu na majeshi ya pande zote mbili walikuwa wamekufa kwa maelfu kwenye njia za kusini. Waliolichunga kundi katika miaka hiyo walikuwa waalimu na wazee wa sharika, pamoja na Waskoti waliovuka mpaka kutoka Nyasaland kuja kuwasaidia. Hao walikuwa watu wa mapokeo mengine, wenye mzizi katika Kanisa lililojitenga na serikali yake mwaka 1843 kwa ajili ya uhuru wa sharika kuchagua wachungaji wao; nao waliwapa wazee wa Konde na Ubena madaraka kuliko walivyokuwa wamezoea. Wajerumani waliporudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920, walikuta Kanisa lililojifunza kusimama. Walipoondolewa tena katika Vita Vikuu vya Pili, pengo lilizibwa na wenyeji pamoja na misioni za Walutheri wa Marekani na Uswidi, na mwaka 1963 Kanisa la Kusini likawa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana kuwa KKKT.

Mwana wa Botshabelo

Kati ya watoto wa Alexander na Marie, aliyejulikana ulimwenguni ni Hans. Alizaliwa Botshabelo tarehe 16 Machi 1871, miaka miwili kabla Dinkwanyane hajaondoka, akalelewa humo hata alipokuwa na umri wa miaka 11. Hakufuata uchungaji. Alisomea elimu ya miamba na madini huko Breslau na Berlin, na mwaka 1904 akarudi Afrika Kusini. Alipata fedha, akazipoteza, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwekwa kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Vita vilipokwisha alikuwa karibu fukara.

Mwaka 1924 mkulima mmoja wa Kikaburu, Andries Lombaard, aliokota chembe za chuma kizito katika kijito cha shamba la Maandagshoek, akampelekea. Hans Merensky alitambua kuwa ni platinamu. Akaufuata mkondo wa mwamba hatua kwa hatua, akagundua kwamba unaendelea kwa maili nyingi. Ndio unaoitwa hadi leo kwa jina lake, na ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za platinamu duniani. Mahali alipoukuta ni katika nchi ya Sekhukhune. Baba yake alikuwa amefukuzwa katika vilima hivyo akiwa hana kitu mkononi, miaka 60 kabla; mwana alitoka humo na jina lake likiwa limechorwa kwenye ramani za machimbo. Wapedi waliokuwa wakichunga mifugo juu ya mwamba ule hawakupata sehemu katika utajiri huo isipokuwa kazi ya kuchimba.

Miaka miwili au mitatu baadaye alipata almasi nyingi kwenye pwani kame ya Namaqualand, kwenye ghuba ya Alexander Bay. Wengine hudhani ghuba hiyo iliitwa kwa jina la baba yake, lakini sivyo. Iliitwa kwa jina la mpelelezi wa Kiskoti aliyekuwa na jina hilo. Hans aliona kwamba almasi zilikaa pamoja na makombe ya chaza wa kale, akaifuata alama hiyo. Serikali iliingilia haraka kuzuia uchimbaji, lakini yeye alipata kwa fungu lake zaidi ya pauni milioni moja. Baadaye aliendelea na kromi, na fosfati ya Phalaborwa iliyokuja kutengeneza mbolea za nchi nzima.

Fedha hizo alizipeleka kwenye udongo. Alinunua shamba la Westfalia karibu na Duiwelskloof, kaskazini ya Transvaal, mahali ambapo miteremko ilikuwa imemomonyoka na chemchemi kukauka kwa kilimo kibaya. Akapanda mikaratusi kwa wingi, akajenga matuta na mabwawa, akapanda miparachichi wakati ambapo tunda hilo lilikuwa halijapata soko. Watu wa Kilombero wanaoyaona mashamba ya misaji, na watu wa Njombe ambao sasa huuza parachichi hadi Ulaya, wangeuelewa moyo wake upande huo. Alichangia pia jengo la maktaba ya Chuo Kikuu cha Pretoria lililopewa jina la Merensky. Hakuoa. Alikufa Westfalia tarehe 21 Oktoba 1952, na mali yake, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumrithi, ikabaki mikononi mwa wakfu wa kuendeleza kilimo na misitu.

Botshabelo haikubaki kama alivyoiacha baba yake. Katika miaka ya 1970, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, wakazi wake wa Kiafrika waliondolewa na kijiji kikageuzwa makumbusho. Ngome juu ya kilima ikatunzwa vizuri kuliko wajukuu wa walioijenga. Baada ya mwaka 1994 wazao wao walidai ardhi hiyo na kurudishiwa.

Ukoo wa Dinkwanyane nao uliendelea. Waliosalia baada ya Mafolofolo walitawanyika, wakakusanyika tena, na mwaka 1906, wakiwa wamechanga fedha zao wenyewe, walinunua shamba la Boomplaats karibu na Lydenburg. Walikaa humo hadi mwaka 1961 walipofukuzwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Boomplaats likawa shamba la kwanza ambalo serikali mpya ya Afrika Kusini ililitwaa kwa amri kutoka kwa mmiliki mzungu ili kulirudisha kwa wenyewe, nao wenyewe walikuwa ni watu wa Dinkwanyane.